Mawe Tuliyoombea Yaondoke

Wapendwa, akina mama mnalijua hili jiwe jepesi lenye vitundu, la kusugulia visigino. Na baba zangu mngelizoea, mashuka nyumbani yangedumu. Hili ni zao la moto. Mlima ulipolipuka, mwamba ulioyeyuka ulirushwa juu ukitoka povu kama uji jikoni, ukapoa ghafla, na mapovu yakabaki vitundu. Ndiyo maana ukilitia majini linaelea.

Basi, mama mmoja aliolewa chini ya mlima wa namna hiyo, akapewa shamba lililojaa mawe haya. Kila akilima, jembe linagonga jiwe. Wenzake wana udongo mweusi, yeye ana kokoto, na aliona aibu. Akafunga, akaomba, akaiomba na jumuiya yake imwombee ili Mungu amwondolee mawe. Mungu akawagusa watu. Wakaja na matoroli, wakayazoa yote, wakayarundika mpakani. Jumapili mama akatoa ushuhuda, vigelegele vikapigwa.

Mwaka ule mvua ikakatika mapema. Maharage yakanyauka yangali na maua, na hayo ndiyo yalikuwa chakula cha wanawe. Mama akazunguka shamba akilia mpaka akafika mpakani, kwenye lundo. Mnajua alikuta nini? Mbegu zilizodondokea kati ya mawe zilikuwa zimeota, zina majani mabichi, zimebeba maganda. Akafukua. Mawe ya chini yalikuwa na unyevu. Vile vitundu vilikuwa vimeyatunza maji ya mvua iliyokwisha kupita.

Jirani akamkuta anajaza mawe kwenye karai, anayarudisha shambani.

“Mama Lugano, si ndiyo haya tuliyofunga na kuomba yaondoke?”

“Ndiyo haya haya, dada. Nilimwomba Mungu aniondolee kisima, naye akanisikia.”

Maharage ya lundoni yalikuwa machache. Aliyapika, akawaita wanawe mezani, akashukuru mpaka chakula kikataka kupoa.

Sisi je? Mwenzangu, yule mama mkwe unayeomba ahamie kwa shemeji yako, ni nani anayebaki na watoto wako wewe ukiwa hapa unaimba? Nakuuliza kwa upendo. Una furaha ngapi nyumbani ambazo umeziandika kwenye maombi kama mizigo? Leo ukifika, mshike mkono, mwambie asante. Fanya hivyo leo, kabla Mungu hajakujibu.