Kiboko Aliyekuwa Elfu

Hadithi, hadithi!

—Hadithi njoo!

Ije na nini?

—Ije na gongo!

Ije mbio au ije polepole?

—Ije inavyotaka, mradi ifike!

Haya, kaeni vizuri. Wa mbele ainamishe kichwa, na wa nyuma naye aone.

Hapo kale, katika mbuga moja kavu, wanyama walikuwa wakicheza mpira wa magongo. Msicheke. Walicheza. Kila mnyama alikuwa na gongo lake, limepinda mbele kama shingo ya bata, na mpira wao ulikuwa koche kavu, lile tunda gumu la mkoche. Koche likigongwa linalia ko! Likigongwa tena, ko! Likimpata mchezaji mguuni, anayelia si koche tena.

Ulikuwa wakati wa kiangazi. Mto ulikauka, visima vilikauka, hata mate yalikauka. Lakini kando ya uwanja palikuwa na shamba la matikiti maji. Maji yote ya mbuga ile yalikuwa yamejificha ndani ya matikiti.

Wanyama wakaweka desturi. Mechi ikiisha, mchezaji bora hula kwanza mpaka ashibe, kisha wengine hula kinachobaki. Desturi nzuri, au siyo? Nzuri. Ila mlinda goli wao alikuwa Kiboko.

Kiboko akisimama golini, goli linajaa. Kulia Kiboko, kushoto Kiboko, juu Kiboko. Koche likija linampiga kitambini, tabwa! linarudi lilikotoka. Mara nyingine alikuwa amelala, na bado linarudi.

Mechi ikiisha, Kiboko anauliza, "Mchezaji bora nani?"

Kabla hajajibu mtu, anajijibu, "Ni mimi."

Anapanua kinywa. Tikiti la kwanza, gwa! Tikiti la pili, gwa! La tatu, gwa! Yote yaliyoiva siku hiyo, gwa, gwa, gwa! Kisha anajifuta mdomo na kusema kwa upole, "Karibuni, ndugu zangu. Nimewaachia majani."

Siku moja alimwona Mama Pimbi akilamba jani. Mama Pimbi alikuwa mchezaji wa akiba, mnyama mdogo kiasi cha boflo la mkate, na tangu azaliwe hakuwa ameingizwa uwanjani. Kiboko akakunja uso.

"Wewe umecheza leo?"

"Sikucheza, mjomba."

"Basi iwe sheria. Asiyecheza halambi hata jani."

Mama Pimbi akaliweka jani chini. Akarudi kwake kwenye mawe, akawakuta watoto wake wanalamba mwamba, wakitafuta umande ambao jua lilishaunywa.

"Mama, umeleta nini?"

"Nimeleta fikra, wanangu."

"Ina maji?"

"Bado. Naikamua."

Mechi iliyofuata ikaisha kwa ugomvi. Digidigi, mshambuliaji, alifoka, "Bao nimefunga mimi! Mchezaji bora ni mimi!"

Kobe, beki, akasema, "Na mimi je? Nilisimama pale, mpira ukanigonga mgongoni, ukatoka nje."

"Ulikuwa hata hujui kama mechi imeanza!"

"Ndiyo, lakini nilisimama."

Mama Pimbi akainua mkono. "Wakubwa zangu, tusigombane. Tutafute namba. Namba moja tu, ya kumpima mchezaji mzima, kuanzia kwato mpaka masikio. Mwenye namba kubwa ndiye bora, maneno yaishe."

Wote wakapenda. Namba moja! Nani hapendi namba moja?

"Tuhesabu mabao," akasema Digidigi.

"Namba gani hiyo isiyo na subira?" akauliza Kobe.

"Na namba gani isiyo na mbio?"

Juu ya mwamba wa goli alikaa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mrefu, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza matokeo. Akasema, "Tuchanganye. Mbio jumlisha subira. Tunapata nini?"

Wakafikiri. Wakafikiri sana.

"Tunapata mtu aliyesimama," akasema Kobe kwa furaha.

Hapo Kiboko akafumbua jicho moja. "Namba gani hiyo," akanguruma, "isiyo na mimi?"

Masikio ya Mama Pimbi yakasimama. "Mjomba, hebu rudia."

"Nimesema, isiyo na mimi!"

"Hapohapo! Mjomba, akili zako zinamwagika mpaka chini. Namba yenyewe ni hiyo. Tucheze bila wewe."

Kiboko akafumbua na jicho la pili.

"Bila mimi mtafungwa," akasema Kiboko.

"Tutafungwa kweli, mjomba. Tutafungwa vibaya. Na hapo ndipo tutakapokujua. Si unajua jino? Likiwa mdomoni nani analikumbuka? Ling'oke sasa, ulimi unashinda pale pale, unapapasa pengo. Basi tutachukua mabao tunayofungwa ukiwa hupo, tutatoa tunayofungwa ukiwepo. Kitakachobaki ndicho wewe."

"Ndicho mimi?"

"Mzima mzima."

Kiboko akalionja neno lile, likamkolea. "Na golini atasimama nani?"

"Asimame aliye mdogo kuliko wote," akasema Hondohondo, "ili pengo lionekane vizuri."

Wanyama wote wakageuka wakamtazama Mama Pimbi. Mama Pimbi akainamisha macho. "Mkinilazimisha," akasema.

Digidigi akamvuta pembeni. "Umechanganyikiwa? Nyani watatufunga mpaka tujute!"

"Ndugu yangu, huo ulimi wako umekauka kwa kukosa ushindi au kwa kukosa maji?"

Digidigi akataka kujibu. Ulimi ukagoma.

Siku ya mechi ikafika. Timu ya Nyani ikaja kutoka ng'ambo ya korongo, na matikiti yao wenyewe kapuni, kama ilivyo ada ya mgeni. Kiboko akajificha nyuma ya kichuguu. Kichuguu kilimfika magotini.

Ko! Nyani wakapiga. Ko! Lakini kila wakitaka kupiga sawasawa, wanaona tumbo zima na masikio mawili juu ya kichuguu, wanaisikia harufu, wanapiga kando, koche linapotea. Wakafunga mabao matano tu.

Kiboko akatoka mbio, tindi tindi tindi! "Namba yangu ngapi?"

"Tano!" akatangaza Hondohondo.

"Tano? Mimi mzima, na tumbo hili? Tano?"

"Ulikuwa karibu, mjomba," akasema Mama Pimbi. "Harufu yako imelinda goli." Na huo ulikuwa ukweli. "Halafu hujacheza leo, na sheria ni yako."

Kiboko akayatazama matikiti, akakumbuka sheria, akameza mate. Siku ile Digidigi alikula. Kobe alikula. Mama Pimbi naye, kwa kuwa alicheza, akapasua tikiti, pwaa! Akaonja mara moja, akaliacha. Watoto wake walikuwa wamekaa nje ya mstari, wanatazama kinywa chake kinavyong'aa kwa maji, na hawakuwa wamecheza.

Akamgeukia Kiboko. "Mjomba, kuna jambo linanisumbua. Pengo lako kubwa, na ndani yake tumeweka pimbi mmoja. Watu watasema Kiboko ni sawa na pimbi mmoja."

"Eti nini? Weka wawili!"

"Basi watasema Kiboko ni sawa na pimbi wawili."

"Weka wote!" Kiboko akapiga mguu chini, vumbi likatimka. "Weka ukoo mzima, na bado hawatoshi!"

"Ni amri yako, mjomba."

Mechi iliyofuata, Kiboko akaenda nyuma ya kilima. Golini wakasimama Mama Pimbi na watoto wake wote, wamejipanga kama meno ya kitana. Nyani wakapiga, ko! Pimbi wote wakalia twiiii! wakaruka pembeni, koche likapita. Ko! Twiiii! Likapita. Ko! Twiiii! Likapita tena. Nyani wakafunga mpaka wakachoka kufunga.

"Jamani, tupumzike kidogo," akasema Kapteni wao. "Bega linaniuma."

Mechi ikaisha. Waliofungwa wakarusha magongo juu kwa shangwe, wakakimbilia shambani. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Maji yakachuruzika kwenye videvu, yakachuruzika kwenye vifua. Kitinda mimba wa Mama Pimbi alitumbukiza kichwa chote ndani ya tikiti, na kwa muda mrefu hakutaka kukitoa.

Kapteni Nyani akasogea taratibu. "Samahani, ndugu zangu. Hivi aliyeshinda ni nani?"

"Ni nyinyi," wakamwambia, midomo imejaa.

Nyani akawatazama, akayatazama mabega yake yaliyochoka. "Basi hongereni," akasema.

Kiboko akaja, tindi tindi tindi. "Nimekosekana?"

"Umekosekana, mjomba!"

"Sana?"

"Arobaini!" akatangaza Hondohondo. Wanyama wote wakaimba:

*Kiboko hayupo, pengo lipo!*
*Pengo la nani? La Kiboko!*

Kiboko akalia machozi ya furaha. Hakuna mnyama katika mbuga ile aliyewahi kuwa arobaini.

Lakini tumbo halili namba. Zilipopita siku chache, Kiboko akaanza kuwaza. Arobaini ni kubwa kuliko wote. Mkubwa kuliko wote ndiye bora. Bora ndiye hula kwanza. Basi mimi nimekaa nyuma ya kilima nafanya nini?

Mechi iliyofuata akaingia golini mwenyewe. Pimbi wakatoka. Nyani wakapiga, tabwa! Likarudi. Tabwa! Likarudi. Halikuingia hata moja.

Filimbi ilipolia, Kiboko akaenda shambani moja kwa moja. Akachuma tikiti kubwa kuliko yote, akaliweka kati ya meno. Mama Pimbi akaja akasimama mbele yake, mdogo vile vile. Nyuma yake watoto wake wakashikana. Walijua. Meno yale yakifunga leo, kesho ni kulamba mwamba.

"Ni haki yako, mjomba," akasema Mama Pimbi. "Umecheza, ule. Hondohondo, mtangazie mjomba namba yake kwanza, ale kwa heshima."

Hondohondo akakohoa. "Pengo la Kiboko leo..." Akatazama golini. Akatazama tena. "Leo pengo halipo. Amelijaza mwenyewe. Kiboko, sifuri!"

"Sshifuri?" akasema Kiboko, tikiti mdomoni.

"Sifuri!" wakapiga kelele Nyani, ambao walikuwa na hasira ya kutofunga. "Sifuri! Sifuri! Tumbo kubwa, namba sifuri!"

"Na Kobe?" akauliza Kiboko.

"Kobe ana tatu," akasema Hondohondo. "Alichelewa mechi moja, tukafungwa matatu kabla hajafika."

Kobe akainua kichwa. "Niliwaambia nina thamani."

Kiboko akasimama pale. Juu ya ulimi, tikiti, baridi, tamu, limejaa maji. Masikioni, sifuri. Meno yakasogea kidogo. Ganda likalia, krrr. Mtoto mmoja wa Pimbi akafumba macho.

Kisha Kiboko akainama, akalitema tikiti chini, zima, limelowa mate. Akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo:

"Mtu akae mbali kiasi gani ili awe elfu?"

"Mbali, mjomba. Mpaka harufu isifike, mkoromo usisikike, na jina lako watu walitaje kwa kuuliza."

"Huko kuna maji?"

"Upo mto." Na ulikuwepo kweli, mto mpana, ila miguu ya pimbi isingefika huko hata kwa kubebwa.

Kiboko akaondoka. Tindi, tindi, tindi. Akipanda mlima mmoja anageuka, "Ngapi sasa?" Hondohondo anajibu kutoka mbali, "Inapanda!" Akipanda mwingine, "Ngapi sasa?" "Inapanda!" Mwishowe akauliza na hakusikia jibu, akajua amefika.

Akashuka mtoni. Mtoni alikuwepo Mamba, amejilaza mahali pazuri kuliko pote.

"Wewe nani?" akauliza Mamba.

"Mimi ni elfu."

"Elfu nini?"

"Elfu."

Mamba akajitazama. Alikuwa na meno mengi, lakini hakuwahi kuwa elfu. "Mimi ni mamba tu," akasema kwa huzuni, akasogea, akampisha.

Sasa, nani atanipa funzo? Naona mkono umeinuka. Unasema tusiwe walafi? Hapana, mwanangu, shusha mkono. Kiboko alikuwa mlafi, akapata mto mzima. Funzo ni kwamba tusiseme uongo. Mama Pimbi hakusema uongo hata neno moja, na mngeona alivyonenepa!

Hadithi yangu imekaa kitako. Ikiwa tamu, gawaneni njiani. Ikiwa chachu, nirudishieni, nitaitia sukari.

—Tumeipokea!

Haya, nawe, shusha mkono huo. Nimesema hapana.