Fingo Kwenye Nyasi za Swala

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na milango, na majirani wa kuchungulia milangoni, palikuwa na watatu waliopakana malisho.

Wa kwanza Nyati, mkubwa kama ghala, na pembe kichwani kama kajitwika mkungu wa ndizi. Wa pili Punda Milia, mwanamke wa kujipenda, kila saa yuko mtoni kujitazama. Wa tatu Swala. Si swala wale wakubwa. Huyu ni yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, ambaye mkia wake hautulii hata akiwa amelala.

Nyati na Punda Milia walioneana wivu kutwa. Nyati akinywa maji, Punda Milia anahesabu mafunda. Punda Milia akitembelewa na ndege wa kumdonoa kupe, Nyati anauliza kwa nini ndege huyo hakuanzia kwake. Mtu mzima na pembe zake anagombea kudonolewa kupe. Nyie mnacheka, lakini mtaa huu huu ninao wanaofanana nao.

Mwaka huo masika yalinyesha shwaa, wiki juu ya wiki, na nyasi za Swala zikakua mpaka zikampita masikio. Utasema hiyo ni bahati. Si bahati. Kinywa cha Swala ni kidogo. Yeye hula majani mafupi, laini, yaliyochipuka jana. Hizo ndefu zilikuwa mabua magumu ya kuezekea nyumba. Akiyatafuna yanamchoma fizi. Na alikuwa na mtoto wa siku tano, kamficha chini ya kichaka, na maziwa yameanza kukauka. Yaani mama amezungukwa na chakula na anakufa njaa, na mtoto yuko nyuma yake.

Alianza kwa adabu. Akaenda kwa Nyati, akamwomba aje ale yale marefu amwachie ya chini. Nyati akamjibu kwamba yeye si kibarua wa mtu. Akaenda kwa Punda Milia. Huyu akauliza kwanza Nyati kajibuje, kisha akasema na yeye jibu lake ni hilo hilo, ila aandikiwe kwamba alikataa kwa nguvu zaidi.

Swala akarudi, akamnyonyesha mtoto matone yaliyobaki. Akawaza. Akaona wenzake hawa hawaendi wanakoombwa. Wanakwenda anakotaka kwenda mwenzao.

Kesho yake asubuhi akachukua chungu kilichovunjika mdomo, akakifunga kitambaa chekundu, akakifukia nusu kwenye kona ya malisho, pale ambapo kila apitaye atakiona. Hilo ni fingo. Watu huweka fingo shambani ili mwizi akila, limshike, avimbe tumbo mpaka aje mwenyewe kwa mwenye shamba kuungama. Na hakuna mtu anayewekea fingo kitu kisicho na maana.

Kisha akashika kazi ya kusafisha mpaka, anaimba kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana:

*Nyasi zangu, nyasi tamu,*
*jirani na anuse tu.*

Punda Milia alikuwa ameshasimama uani, shingo nje. Akauliza chungu hicho ni cha nini.

“Shoga, usiniulize,” akasema Swala. “Nimekatazwa kusema.”

“Umekatazwa na nani?”

“Na Bwana Nyati.”

Masikio ya Punda Milia yakasimama. “Nyati na nyasi zako wapi na wapi?”

“Alikuja juzi kuziomba zote. Anasema nyasi zikishampita masikio mwenyewe, zinang'arisha ngozi. Nimemnyima, ndiyo maana nimeweka fingo. Wewe sikuhofii, shoga. Ngozi yako inatosha hivyo ilivyo.”

“Inatosha?” akasema Punda Milia.

Hakuna neno linalomchoma mwanamke wa kujipenda kama hilo. Akaingia ndani, hakuaga.

Mchana Swala akapita kwa Nyati, akamweleza yale yale, ila safari hii mwombaji alikuwa Punda Milia, na nyasi zilikuwa za kunenepesha shingo na kukuza pembe. Alipokwisha akamtazama kichwani kwa huruma.

“Lakini wewe, Bwana Nyati, usijisumbue. Kwa umri wako pembe hazikui tena.”

Nyati akapumua kwa nguvu, na vumbi likaruka.

Basi Swala akawaaga wote wawili kwamba Ijumaa anakwenda arusini ng'ambo ya mto. Ijumaa ikafika, akamchukua mwanawe, akatembea mpaka nyuma ya kichuguu, akalala chini. Arusi yake ilikuwa hapo.

Jua lilipokuwa kali, saa ambayo wenye haya zao wamejipumzisha, Punda Milia akaingia kwa upande wa mashariki. Nyati akaingia kwa magharibi. Kila mmoja alikipitia chungu mbali, akijifanya hajakiona. Punda Milia ana meno juu na chini, akayakata mabua ncha zake, kwachu, kwachu. Nyati yeye ni ulimi. Anazungusha fungu zima, anavuta, fyuu. Wakala, wakala, mpaka wakagongana pua katikati.

“Mwizi wewe,” akasema Nyati, mdomo umejaa.

“Mwizi mwenzangu, hebu sogea,” akasema Punda Milia. “Hapo uliposimama ndipo patamu.”

Hakuna aliyeondoka. Kuondoka ni kumwachia mwenzake. Nyati akila fungu moja, Punda Milia anakula mawili. Punda Milia akikata mbio, Nyati anavuta mbio zaidi. Mwisho Nyati akasema, “Tuzimalize. Tusiache hata moja. Ametubania, na yeye akose.” Na hilo ndilo jambo pekee walilowahi kupatana maishani mwao. Wakala mpaka nyasi zikawa hazifiki kwato.

Hapo ndipo walipokosea. Wao walikuwa wameona miti. Mche ukiukata kichwa, unadumaa, wakadhani na nyasi ni hivyo. Nyasi hazikulii kichwani. Mahali pao pa kukulia pako chini kabisa, karibu na udongo, meno yasipofika. Ukizikata juu, zinasukuma kutoka chini. Swala pua yake iko chini siku zote, alilijua hilo. Wale wakubwa hawajawahi kuinama kiasi cha kuliona.

Alasiri matumbo yao yakavimba kama ngoma. Mtu anayekula kwa kijicho hatafuni, anameza. Kila mmoja akakumbuka kile kitambaa chekundu. Swala alipotoka nyuma ya kichuguu kurudi nyumbani, wakafika kwake wakitembea upande upande, wanasukumana mlangoni.

“Karibuni,” akasema Swala, anajikung'uta vumbi la arusi. “Mmekuja pamoja? Mmepatana?”

“Fingo limetushika,” akasema Nyati. “Tufungue.”

“Limekushika wewe,” akasema Punda Milia. “Mimi limenigusa tu.” Kisha tumbo likamkata, akaomba naye afunguliwe, tena aanze yeye.

Swala akahema. Akawaambia fingo hilo ni la bibi yake, halifunguki bure. Kila masika, nyasi zikimpita masikio, waje wawili hao wale zile ndefu mpaka usawa wa kwato, mchana kweupe, yeye anawatazama. Wakikosa mwaka mmoja, litawarudia. Wakaapa. Akawazungusha chungu mara saba, na kwa kuwa tumbo lililojaa upepo dawa yake ni kutembea, raundi ya nne ikaanza kutoa milio. Pu. Pu. Raundi ya saba wakawa wazima, wakamshukuru sana.

Siku ya nne mvua kidogo ikapita, na malisho ya Swala yakawa zulia, fupi, kijani, laini. Akala. Maziwa yakashuka, mtoto akanyonya mpaka yakamtoka puani.

Nyati alipoona hivyo akaja mpakani, akatoa ulimi wake azungushe. Hakukuwa na cha kuzungusha. Akaramba udongo, akarudi kwake na wivu mpya.

Lakini masika yaliyofuata alikuja mapema, hajaitwa, kwa sababu alisikia Punda Milia ameshafika, na tena amepewa upande wa mashariki wenye kivuli. Wakagombana nani adhabu yake ni kubwa. Kila mwaka hivyo hivyo, na Swala kakaa kivulini na mwanawe anatazama kazi inavyokwenda.

Mtoto alipokua akamuuliza mama yake mle chunguni mna nini. Mama akamwambia achungulie. Alikuwamo mjusi, amelala.

Haya, shikeni hilo: kijicho kikikutuma kwenye shamba la mwenzio, jua kuna mtu amekaa pembeni anangoja umfanyie kazi yake.