Afande Apekuliwe Kwanza

Koplo Lubinza alifika kwa Nyamizi na hati ya upekuzi. Mtaa mzima ulijua kwamba kila nyumba aliyoipekua ilikutwa na bangi, hata ya mchungaji.

Nyamizi aliisoma hati yote, kisha akamwonyesha koplo mjumbe wa mtaa, ambaye yeye Nyamizi alikuwa amemkalisha kibarazani tangu asubuhi.

"Shahidi huyo hapo, afande. Sheria inataka akupekue wewe kwanza, usije ukaingia na kitu."

Koplo alishika mfuko wa suruali. "Huniamini?"

"Nakuamini sana. Ni utaratibu tu."

Ghafla koplo akakumbuka kwamba anahitajika kituoni, akaondoka.

Mjumbe alishusha pumzi. "Kumbe masikini huna kitu humo ndani."

"Ndani sina," alisema Nyamizi. "Sasa nyanyuka, mjumbe, wateja wamefika na dumu la gongo umelikalia."