Kasuku Waliosema Neno Moja

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Kale hiyo, ndege na watu walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, alikuwapo mama mmoja, Kokugonza, mfuga kasuku. Hakutega ndege wa msituni hata siku moja. Kasuku wake walitaga kwake, wakaatamia kwake, wakaangua kwake. Kinda akiwa mchanga, mguu bado laini, alimvisha pete ya shaba. Mguu ukishakomaa, pete haitoki tena wala haiingii. Kisha alimfundisha neno la kwanza: "Nimeanguliwa kwa Kokugonza."

Wanunuzi walitoka mbali kulifuata neno hilo. Mfalme alikuwa amepiga marufuku kuuza kasuku wa msituni, maana walikuwa wanakwisha. Wa Kokugonza tu ndio walioruhusiwa. Naye alijivuna, akisema asiyemwamini yeye amwulize ndege.

Shemeji yake, Rwiza, ndiye aliyewapeleka sokoni, na banda la nyuma lilikuwa lake. Mwaka ule kasuku walizidi mno. Kokugonza aliuliza, akajibiwa kwamba majike yametaga vizuri, yeye afue pete tu. Akafua pete. Hakwenda kutazama. Alidhani kwa kuwa yeye hasemi uongo, basi nyumba yake yote haisemi. Upumbavu mtupu, nausema wazi.

Siku ya gulio ua wa Kokugonza ulijaa watu. Mnunuzi mmoja akamwinamia kasuku mkubwa aliyetolewa banda la nyuma. "We ndege, umeanguliwa wapi?"

"Nimeanguliwa kwa Kokugonza."

Watu wakacheka, wakataka aulizwe tena. Akaulizwa.

"Nimeanguliwa kwa Kokugonza."

Mara ya tatu aliuliza Kokugonza mwenyewe, kwa maringo. "Sema wakusikie, mwanangu. Umeanguliwa wapi?"

Kasuku akamkazia jicho moja. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya Rwiza, ile ile ya puani.

"Angusha mti. Wakubwa tia guniani. Makinda hayajafumbua macho, hayauziki, yaache hapo hapo. Huyu pete haiingii? Mkate kidole."

Kokugonza akamshika ndege mguu. Pete ilikuwapo, shaba yake mwenyewe. Kidole hakikuwapo. Akainua bawa, manyoya yalikuwa yamegandamana kwa ulimbo wa kunasia ndege.

"Shemeji, ndege huyo mwongo," alisema Rwiza.

"Uongo ulimfundisha wewe," Kokugonza akamjibu. "Haya ya mwisho kayasikia mwenyewe."

Yule mnunuzi akauliza taratibu, "Basi wako ni wepi, mama?"

Kokugonza akakimbilia banda la nyuma. Akamwuliza huyu, akamwuliza yule, akamwuliza na wa pembeni. Wote wakajibu kwamba wameanguliwa kwa Kokugonza. Akarudi kwenye vizimba vya mbele, ambako Rwiza alikuwa amekwisha kuwachanganya na wa msituni. Jibu lile lile. Neno alilolitunga kwa mdomo wake ndilo lililouficha msitu mzima ndani ya ua wake, naye akisifiwa.

Alifungua mlango wa kizimba cha kwanza, na wa pili, na wa tatu, akaendelea mpaka ikabaki milango mitupu inayopigapiga. Kasuku wakafumka kama moshi, mikia myekundu juu ya mapaa, wakaelekea msituni. Rwiza alirukaruka na gunia lake akijaribu kuwadaka, hadi wanunuzi walipomkamata wakamshikilia kuwangoja askari wa mfalme.

Vumbi lilipotulia, Kokugonza akatazama waliobaki. Hao hawakuujua msitu, hawakuwa na pa kwenda. Walikuwa wakizungukazunguka miguuni pake wakidai mahindi. Hao ndio walioanguliwa kwake kweli.

Mchi wa kutwangia ulikuwa umelazwa juu ya kinu. Wakaurukia, wakakaa. Wote wakaenea juu ya mchi mmoja, na nafasi ikabaki.

"Nimeanguliwa kwa Kokugonza," akasema mmoja.

"Nyamaza," akasema Kokugonza, akajifunika uso kwa khanga.

Hadithi yangu inalala hapo. Nami sina la kuiamshia.