Kengele Isiyo na Jina

Mniwie radhi mapema, kabla hata hamjakaa vizuri. Hadithi hii ninaiharibu kila ninapoisimulia. Nachekesha pasipochekesha, naruka penye uzito, na mke wangu ameapa kwamba nikiirudia tena mbele ya wageni atahamia kwa dada yake. Bahati yenu leo hayupo.

Hapo zamani, katika kigango cha Lipembe, huko milimani ambako mvua za masika hazipigi hodi, waumini waliigiza Njia ya Msalaba kila Ijumaa Kuu.

Yesu alikuwa Fundi Gaudensi, seremala. Msalaba aliuchonga mwenyewe kwa mninga, mzito kama mkwe aliyenuna. Watu wakamwambia, "Fundi, chonga mwepesi." Akajibu, "Kwani Yesu alibeba kigoda?"

Yuda alikuwa Mzee Hermani. Hakuna aliyetaka kuwa Yuda, basi akakubali yeye, mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa kumi na mbili. Kila mwaka alitembea na kamba yake ya katani ya kujinyongea. Na kila mwaka, kuanzia Pasaka hadi Krismasi, akiingia kilabuni watu walifunika vikombe. "Karibu, Yuda! Leo unambusu nani?" Mzee alicheka nao, kisha akaenda kukaa peke yake.

Baraba alikuwa Tadei. Mnene, mcheshi, sauti kama debe tupu. Umati ukipaza sauti, "Tufungulie Baraba!", Tadei alitoka mbio huku suruali ikimshuka, na hata Padri aligeukia ukutani kuficha meno. Mwisho wa igizo Tadei hakuwahi kuuona. Akishafunguliwa tu, huyo jikoni kwake, na siku yenyewe ya mfungo!

Mwaka wa kumi na tatu msafara ulikuwa unavuka Mto Luwanda kwa daraja la magogo. Padri, Yesu, Yuda na umati walikwisha kuvuka. Kwaya ilikuwa katikati, na Tadei nyuma yake, maana jiko lake lilikuwa ng'ambo. Mara mvua yote iliyonyesha milimani ikateremka kwa mkupuo mmoja. Daraja likaondoka kama kijiti. Wanakwaya wanane, mwalimu wao Mama Perpetua, na Tadei, wakarukia jiwe kubwa katikati ya mto. Maji yakazidi kupanda.

Ukingoni watu wakapiga magoti. Gaudensi hakupiga. Aliusukuma msalaba hadi jiweni, ukapungua hatua moja kufika ukingoni. Akaingia majini hadi kifuani, akaubeba mwisho wake begani. "Piteni!"

Hermani akavua kamba yake, akamfunga Gaudensi kiunoni, ncha ya pili akajifunga mwenyewe, akakaa ukingoni, visigino vimezama topeni. "Piteni!"

Kule jiweni msalaba ukataka kubingirika. Mama Perpetua akaukalia. "Piteni!"

Wa kwanza akapita. Gaudensi amebeba, Hermani ameshika, Perpetua amekalia. Wa pili akapita. Gaudensi amebeba, Hermani ameshika, Perpetua amekalia. Hivyo hivyo hadi wa nane. Wakabaki Mama Perpetua na Tadei.

Tadei akapita.

Alipokanyaga tope tu, Gaudensi akateleza. Maji yakamvuta, kamba ikakaza. Watu wakapiga kelele, "Fungua kamba, Mzee! Utakwenda naye!" Vidole vya Hermani vilikuwa juu ya fundo, Tadei aliviona, alikuwa pembeni yake. Mzee akaviondoa.

"Mara kumi na mbili nimemsaliti," akasema. "Mwaka huu hapana."

Wakaenda wote wawili. Msalaba ukawafuata. Watu walipotazama tena, jiwe halikuwa na mtu.

Masika yakaisha, kigango kikaletewa kengele mpya. Nanyi mnajua, kengele ya kanisa hubatizwa, na kengele moja hupewa jina moja. Askofu alikuwa anakuja Jumapili. Padri akawaita wafiwa.

Mjane wa Gaudensi akasema, "Bila bega la mume wangu, nani angepita?" Watu wakasema, "Kweli!"

Binti wa Hermani akasema, "Fundi aliteleza, hakuchagua. Baba yangu alikuwa na fundo mkononi. Alichagua." Mtu akamkatiza, "Lakini alimwokoa nani?" Binti akamgeukia: "Wewe uliyefunika kikombe miaka kumi na miwili, leo funua masikio! Nani alimshikilia Fundi hadi wote wakapita?" Watu wakasema, "Kweli!"

Mzee Kastori, mume wa Perpetua, akasema, "Mke wangu alikuwa na zamu yake ya kupita, akampa mwingine." Sauti ya nyuma ikauliza, "Akampa nani? Tadei!" Watu wakacheka, kisha wakaona haya.

Padri akageuka. "Tadei, wewe ndiye uliyebaki naye, sisi macho yetu yalikuwa kwa Fundi. Alikupisha?"

Sasa, pale nilipowarukisha, turudi. Wawili walipobaki, Perpetua alisema, "Shemeji, kalia wewe sasa, una uzito. Nikifika nitahakikisha unarushiwa kamba." Tadei akajibu, "Haya, shemeji." Perpetua akanyanyuka apite. Maji yakamfika Tadei magotini. Akamsukuma Perpetua kando, akapanda msalaba. Ukayumba. Nyuma yake akasikia mtu anakaa.

"Usitazame chini, Baraba," Perpetua alisema. "Nimeukalia. Nenda."

Tadei alisimama mbele ya Padri. Akisema alisukuma, wataamua kwamba Perpetua hakutoa uhai, alinyang'anywa, na jina lake litafutwa. Akinyamaza, atakuwa amemzika mara ya pili.

"Alinipisha, Padri," akasema. Akakaa.

Wazee wakabishana hadi Jumamosi usiku. Askofu akaja, akauliza jina, kanisa zima likatazama sakafu. Akaibariki hivyo hivyo. Mpaka leo inalia bila jina, na ikilia Tadei huacha kijiko. Ijumaa Kuu iliyofuata aliomba awe Yuda. Binti wa Hermani akamwambia, "Nafasi ya baba huiwezi."

Haya, ninyi mliokaa kitako. Bega lililobeba. Fundo ambalo halikufunguliwa. Mwanamke aliyenyang'anywa zamu yake, kisha akaitoa. Je, nani alistahili jina la kengele?

Mimi msinitazame. Baraba hapigi kura. Mimi nilikwisha kupigiwa.