Michembe ya Nyamizi na Mizani ya Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mmefunga mizigo?

Tumefunga!

Mmeaga majirani?

Tumeaga!

Haya, nifuateni polepole, maana kiongozi wenu wa msafara goti linamuuma.

Hapo kale, kale ya kabla mimi sijaota kitambi, walikuwepo Pimbi wawili, mke na mume. Mke aliitwa Nyamizi, mume aliitwa Mihayo. Walikaa majabalini, wakazaa pamoja, wakazeeka pamoja, hata meno yakawatoka pamoja. Macho tu ndiyo yaliyowatenga. Ya Nyamizi yalikuwa makali bado. Ya Mihayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mganga aliyatazama, akatikisa kichwa, akasema, "Masika yajayo yatafunga kabisa."

Nyamizi akamuuliza mumewe, "Baba Kulwa, kabla hayajafunga, unataka yaone nini?"

"Heroe," akasema Mihayo. "Wale ndege wa rangi ya waridi, kule kwenye ziwa la nchi ya pili. Maisha yangu yote nawasikia tu."

"Basi tutakwenda."

"Tukale nini huko?"

Swali zuri hilo, na wasafiri wengi hulisahau. Wengine tunanunua kofia kwanza. Mimi ninazo kumi na moja.

Nyamizi akaanza kuweka akiba. Kila alipokata viazi akavianika juani vikawa michembe, konzi moja waliila, konzi moja iliingia guniani. Moja tumboni, moja guniani. Moja tumboni, moja guniani. Mpaka gunia likatosha siku saba: za kwenda, za kukaa na za kurudi. Siku ya nane haikuwemo.

Mihayo naye akafungasha vifaa. Mwavuli. Mablanketi mawili. Sufuria. Mtungi wa maji. Kigoda cha kukalia, na kigoda kingine cha kuwekea miguu.

"Baba Kulwa, tunahama?"

"Mama Kulwa, ng'ambo hakujulikani!"

Akatoa kigoda kimoja, akanuna mpaka njia panda.

Wakapanda, wakapanda. Wakashuka, wakashuka. Tapu, tapu, tapu, mpaka wakafika mpakani kabla hawajafungua gunia.

Mpakani alikaa Fisi. Mbele yake aliweka mizani: ubao mrefu juu ya jiwe, upande huu mzigo wako, upande ule gogo. Juu ya lango aliandika kwa mkono wake: KILA MZIGO UPIMWE. KINACHOZIDI GOGO KIKATWE, KIBAKI. Na nyuma yake palikuwa na kibanda kilichojaa vitu vilivyokatwa vikabaki.

Swala akapimwa, blanketi lake likabaki. Akaja Kobe.

"Hiyo nyumba mgongoni ni mzigo," akasema Fisi.

"Mheshimiwa, huu ni mwili."

"Mwili gani una paa?"

"Basi nivue, mheshimiwa, ila wewe ndiye utakayenistiri. Kuna kina mama hapa."

Foleni nzima ikacheka. Fisi akakasirika, akamsimamisha Kobe pembeni, akaita, "Anayefuata!"

Waliofuata ni Pimbi wetu. Fisi akanusa gunia: fu, fu, fu.

"Nini humu?"

"Michembe, mheshimiwa."

"Imezidi."

"Lakini hujapima!"

"Jicho langu ni mizani," akasema Fisi. Palepale akalifungua gunia, akatia mdomo. Chwaku, chwaku, chwaku. Siku ya kwanza ikaenda. Chwaku, chwaku. Siku ya pili ikaenda. Akala mpaka siku ya saba, akalipangusa hata gunia kwa ulimi.

Mihayo hakuona vizuri, lakini alisikia. Akapapasa, akaushika mkono wa mkewe.

"Mama Kulwa, turudi. Utanisimulia hao heroe, nami nitaridhika."

Nyamizi alijua kwamba wakirudi leo, masika yatawakuta nyumbani na gunia tupu. Kisha akainua mtungi, akatabasamu vizuri kabisa.

"Pole, mheshimiwa. Mikavu mitupu hivyo, utapaliwa. Karibu maji."

"Angalau wewe una adabu," akasema Fisi. Gubu, gubu, gubu.

"Ongeza, mheshimiwa, usione haya."

Gubu, gubu, gubu. Mtungi ukaisha.

Sasa, yeyote aliyewahi kuanika viazi anajua kwamba mchembe mkavu ukipata maji huvimba kama umeitwa harusini. Fisi hakuwahi kuanika kitu. Tumbo likaanza. Pu. Puu. Puuu!

Nyamizi akasogea mbele kwa heshima. "Mheshimiwa, tunaomba huduma. Mzigo wetu haujapimwa."

"Mzigo upi? Nimekwisha kuula!"

"Hatukatai. Umo humo tumboni. Ila umeandika mwenyewe, kila mzigo upimwe."

"Kanuni ni kanuni!" akasema Swala.

"Kanuni ni kanuni!" ikaitika foleni. Na mwisho wa foleni alikuwepo Kifaru, hana haraka, anatazama tu.

Fisi alipomwona Kifaru, akapanda mwenyewe kwenye ubao. Kriii... PWAA! Ubao ukashuka, gogo likaruka, likatua vichakani.

"Maskini, umezidi," akasema Nyamizi. "Na kinachozidi kikatwe, kibaki."

"Tuanzie mkiani au tumboni?" akauliza Kobe kwa upole.

Fisi hakungoja jibu. Alitoka mbio, tumbo linasema chubwi, chubwi, chubwi, hadi akapotea mlimani.

"Mama Kulwa, kumetokea nini?" akauliza Mihayo.

"Hakuna kitu. Mkuu wa mpaka amekwenda likizo."

Kibanda kikafunguliwa, kila mmoja akachukua chake. Kisha Kobe akaleta konzi moja ya chakula, Swala konzi moja, Kifaru konzi moja, ambayo kwa Pimbi ni gunia zima. Siku saba zikatimia.

Wakapanda, wakapanda. Wakashuka, wakashuka. Asubuhi moja wakafika ziwani, na ziwa lote lilikuwa la waridi. Ndege maelfu kwa maelfu walisimama majini, kisha wakaruka kwa pamoja, frrrrr, mbingu ikabadilika rangi. Nyamizi akafunga mikono kifuani, mdomo wazi kama mtoto.

Kumbe Mihayo hakuwa akitazama juu. Alikuwa amemsogelea karibu kabisa, pua kwa pua, pale ambapo macho yake bado yalifika.

"Baba Kulwa! Mbona unanitazama mimi? Ndege wako kule!"

"Nimewaona, nimewaona," akasema Mihayo. "Niache kidogo. Nataka nikuone wewe unavyowaona."

Funzo la ngano hii, wanangu, ni kwamba safari za starehe ni hasara tupu. Kaeni nyumbani, tunzeni viazi vyenu, na mkimkuta ofisa yeyote anakula, msithubutu kumpa maji.

Nimeufikisha msafara, mimi nashukia hapa. Mwenye swali amuulize Fisi, akishapungua.