Kiboko Alivyoshika Birika

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa ukungu bondeni.

— Tupitishe, tuone!

Mmeshiba?

— Bado!

Vizuri. Mwenye njaa husikia vizuri.

Hapo zamani, zamani ambayo hata babu yake Kobe hakuikuta, palikuwa na bonde ambalo ukungu wake ulilala mpaka adhuhuri. Wanyama wa huko walikwenda kanisani kama watu wanaotembea ndotoni. Ukimwamkia mwenzako, jibu lilifika kabla yeye hajaonekana.

Kila baada ya mavuno walifanya karamu ya shukrani. Kila mmoja alileta alichojaliwa, vyote vikapikwa katika chungu kimoja. Na desturi yao ilikuwa hivi: hakuna kula kabla ya kunawishwa. Mwenye birika hupita, hupiga magoti mbele ya kila mtu, humwagia maji yaliyopashwa moto mikononi, na aliyenawa huenda chunguni. Mwenye birika mwenyewe hula wa mwisho, kama kimebaki kitu.

Miaka nenda, miaka rudi, wa kwanza kunawishwa alikuwa Mzee Kiboko, kwa sababu ndiye aliyekaa kiti cha mbele. Akishanawa, hwap! Hwap! Hwap! Chungu kitupu. Wengine walirudi kwao mikono safi, matumbo matupu, wakisema Amina.

Na birika lilishikwa na nani? Na Mama Pimbi, mjane wa kule mwambani, mnyama mdogo hivi, asiye hata na mkia wa kujivunia. Basi mwaka mmoja viwavi walikula mtama wote shambani, na siku ya karamu Mama Pimbi alitia chunguni kunde zake za mwisho. Wanawe walikaa mlangoni mwa kanisa wakinusa mvuke. Kiboko akitangulia leo, watoto wale watalala na maji. Mama Pimbi alilijua hilo.

Mwalimu Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akahubiri. Alisema kwa Bwana Yesu mambo yamepinduliwa: mkubwa ndiye anayeinama, na wa mbele ndiye anayewatumikia wote. Sauti yake ilielea ukunguni polepole, na Kiboko alikuwa amesinzia tangu wimbo wa kwanza. Khorooo, khorooo. Aliposikia "mkubwa," jicho moja likafumbuka.

"Nani kaniita?"

"Si wewe, Mzee," akanong'ona Mama Pimbi. "Mwalimu anasema mkubwa kuliko wote ni mwenye birika."

"Mwenye birika ni nani?"

"Ni mimi, Mzee. Hata naona haya."

"Wewe! Pimbi! Unipite mimi?"

"Ndivyo ilivyohubiriwa. Lakini usijali, wewe jikalie tu hapo chini, kitini."

"Hapo chini? Lete hilo birika!"

"Mzee, niachie angalau mwaka huu..."

"Lete!"

Mama Pimbi akalia machozi ya uongo, akalitoa. Akamwekea na taulo la kukaushia begani, kwa mkono wake mwenyewe.

Kiboko akaenda kwa Digidigi. Akapiga magoti, puu! Maji, chururu, chururu. "Asante, Mzee." Digidigi akaenda kula.

Akaenda kwa Nungunungu. Puu! Chururu, chururu. "Asante, Mzee, angalia miiba." Nungunungu akaenda kula.

Akaenda kwa Kanga na vifaranga vyake. Puu, puu, puu! Jasho likamtoka. Harufu ya kunde ikamzunguka kichwa.

"Mama Pimbi, nitakula lini?"

"Mkubwa hali kabla ya watu wake, Mzee."

"Kumbe ukubwa unaumiza magoti!"

"Tangu lini ukaona cheo kisichouma?"

Wakaja watoto wa Mama Pimbi, mikono imejaa tope. Puu! Chururu, chururu, chururu. "Asante, babu," wakasema.

Kiboko akasita. Hakuna mtoto aliyewahi kumkaribia kiasi cha kumwita babu. Akatia kidole kwenye maji, asije akawaunguza, kisha akaendelea taratibu.

Wote wakanawa, wote wakala. Akabaki Mama Pimbi. Akanyoosha mikono akicheka moyoni. Chururu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyewahi kumnawisha.

"Mikono yako imechanika, mama," akasema Kiboko.

"Ni mawe, Mzee."

Akaikausha kidole kimoja kimoja, na kile kicheko kikamkauka Mama Pimbi. Akaona aibu, aibu kabisa. Alikuwa amemdanganya Kiboko kwa neno la kweli.

Mama Pimbi alipokwisha kula, Kiboko akachungulia chunguni. Palibaki ukoko tu. Kanisa zima likarudi nyuma, maana akikasirika huyu, hakuna atakayesalimika. Mama Pimbi akachukua birika, akamnawisha. Kiboko akakwangua ukoko, kwaru, kwaru. Akatafuna muda mrefu, amefumba macho.

"Mwakani," akasema, "birika ni langu."

Na mwakani ikawa hivyo. Mama Pimbi alikalishwa kiti cha mbele, miguu inaning'inia, watu wote wanamtazama. Hakupata raha hata kidogo. Akamvuta Kiboko sikio, akanong'ona: "Mzee, mwaka huu Mwalimu anasema mkubwa ni anayekaa kitini."

Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika. "Hongera, mama," akasema, akaenda kupiga magoti mbele ya vifaranga.

Basi fundisho ni hili, wanangu, mlishike sana: msiiname! Ukiinama mara moja, mgongo huonja utamu, na kuunyoosha tena ni kazi. Kalieni viti vyenu, jazeni matumbo yenu, na mtu akikuomba maji, mwambie mimi mkubwa. Utakaa hapo salama salimini, peke yako, mpaka ukungu ukufunike.

Hadithi yangu imekwenda zake, msiikimbilie. Mkiikuta na ukweli, ni wenu. Mkiikuta na uongo, nirudishieni mimi.